Kenge wa Bahari za Kale: Namna Walivyopata Nafasi Yao na Namna Walivyoipoteza

Watu wanaokaa kando ya ziwa Tanganika, toka Uvira mpaka Kalemie na Moba, wanajua jambo moja ambalo watu wa mbali na maji hawalijui vizuri: samaki hawakai ziwani ovyo ovyo. Ndakala wanakwenda makundi makundi katika maji ya wazi, na usiku wanafuata taa ya mvuvi. Mikebuka wanawafuata ndakala, kwa kuwa ndio chakula chao. Kwenye mawe ya ukingo wako samaki wadogo wanaokwangua utelezi wa kijani juu ya jiwe. Wengine wanapepeta mchanga kwa vinywa vyao. Tena iko aina moja ya ajabu, chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Anamjia mwenzake kwa nyuma, anang'oa magamba, anakimbia. Mdomo wake umepindika upande, wengine kwa kuume, wengine kwa kushoto, upate kufaa kwa wizi huo.

Basi kila mmoja ana pahali pake, saa yake, chakula chake na meno ya kukila. Watu wa elimu wanasema: kila mnyama ana nafasi yake. Ni kama kijijini: yuko mhunzi, yuko mfinyanzi, yuko mvuvi, na wote wanapata riziki kwa sababu hawagombanii kazi moja. Lakini siku watu wanapoacha kununua vyungu vya udongo, mfinyanzi ndiye atakayeona njaa kwanza, hata kama ni fundi kupita wote.

Leo nataka kueleza habari ya wanyama wakubwa waliotawala bahari zamani sana, kabla mtu hajakuwapo duniani. Hawakuwa samaki. Walikuwa wa jamaa ya mijusi na nyoka, wakipumua hewa kama sisi. Mmoja wao alikuwa na urefu wa meta 12 na zaidi, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Naye amekwisha kabisa, lakini mamba na kasa, waliokuwapo siku zile zile, wako mpaka leo. Kwa nini mwenye nguvu alikufa na hawa wakapona?

Tuanze katika shimo la mawe. Karibu na mji wa Maastricht katika Uholanzi, si mbali na Liège ya Ubelgiji, uko mlima mdogo unaoitwa mlima wa Mtakatifu Petro. Tangu karne nyingi watu walichimba mapango ndani yake ili kupata mawe laini ya kujengea. Mwaka 1764 wachimbaji walikuta fuvu la mnyama wasiyemjua. Leo limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Haarlem. Miaka michache baadaye lilionekana fuvu la pili, kubwa, taya zake zimejaa meno marefu yaliyochongoka. Shamba lililokuwa juu ya pango lilikuwa mali ya kanoni mmoja, Padri Godding, naye akaliweka fuvu hilo nyumbani kwake.

Mwaka 1794 askari wa Ufaransa waliuteka mji. Mwanachuoni mmoja Mfaransa aliyefuatana nao, Faujas de Saint-Fond, aliandika kwamba fuvu lilikuwa limefichwa, na kwamba askari waliahidiwa chupa 600 za divai ikiwa watalileta zima. Kesho yake wakaja nalo. Hadithi tamu! Lakini waliochungua karatasi za siku zile wanasema Bwana Faujas alitia chumvi nyingi katika habari za fuvu hili. Jambo la hakika ni kwamba lilipelekwa Paris, nako liko hata leo.

Mabishano yakaanza: kichwa hiki ni cha nani? Wengine, pamoja na Faujas, walisema ni cha mamba. Petrus Camper, mganga mashuhuri wa Uholanzi, alisema mwaka 1786 kwamba ni nyangumi. Baada ya kufa kwake, mtoto wake Adriaan akatazama tena mifupa ile akaona baba yake hakusema sawa. Juu ndani ya kinywa, kwenye kaakaa, iko safu nyingine ya meno madogo. Mamba hana hayo, wala nyangumi; lakini nyoka anayo, na mijusi wengine wanayo. Adriaan akasema: huyu ni wa jamaa ya kenge, yule mjusi mkubwa wa kando ya mto anayeiba mayai ya kuku. Bwana Georges Cuvier wa Paris, aliyekuwa bingwa wa mifupa kupita wote wa wakati wake, akakubali neno hili mwaka 1808. Mwaka 1822 Padri Conybeare, wa kanisa la Anglikana, akampa mnyama jina la Mosasaurus, maana yake mjusi wa mto Meuse. Sisi tumwite mosasauri.

Msomaji asidhani kwamba yalikuwa mabishano ya bure. Wakati ule watu wengi, hata wenye elimu, hawakutaka kukubali kwamba aina nzima ya wanyama inaweza kwisha. Mnyama asipoonekana hapa, walisema, basi yuko katika bahari nyingine isiyotembelewa. Lakini kenge wa meta 12 atajificha wapi? Cuvier alitumia mifupa kama hiyo kuonyesha kwamba walikuwako viumbe ambao leo hawako tena. Ndipo likazaliwa swali letu.

Mosasauri hawakuwa wa kwanza kutoka nchi kavu na kuingia baharini. Wenye nafasi hiyo mbele yao walikuwa ikitiosauri, ndio kusema mijusi-samaki. Huko Lyme Regis, pwani ya Uingereza, Joseph Anning alipata fuvu la mmoja mwaka 1811, na dada yake Mary, msichana wa miaka 12 hivi, akapata mifupa mingine mwaka uliofuata. Jamaa yao walikuwa maskini, wakiuza mawe ya namna hiyo kwa wageni. Mary huyo huyo akapata mwaka 1823 mifupa kamili ya mnyama mwingine, plesiosauri, mwenye shingo ndefu na mapezi manne kama makasia. Shingo za hao plesiosauri ziliwasumbua watu sana: Bwana Cope wa Marekani alimpanga mmoja wao mwenye pingili 72 za shingo, akaweka kichwa kwenye ncha ya mkia!

Ikitiosauri walianza miaka milioni 250 hivi iliyopita. Babu zao walikuwa na miguu. Wao wakawa na umbo la samaki kabisa: mapezi, mkia wa kusimama, mwili laini wa kukata maji. Hawakurudi pwani kutaga mayai. Katika mawe ya Holzmaden, nchi ya Ujerumani, wameonekana mama waliokufa watoto wakiwa bado tumboni. Wengine walikuwa na macho yenye upana wa sentimeta 20 na zaidi, kwa kuwinda ngisi katika maji yenye giza. Wengine walikuwa wakubwa kama nyangumi. Walikaa baharini miaka milioni 150 na zaidi. Tuseme wazi: hakuna jamaa ya wanyama hawa iliyojifanya ya baharini kupita wao.

Halafu, miaka milioni 94 hivi iliyopita, wakakwisha.

Zamani vitabu vilisema walishindwa na adui. Wengine walisema ni hao mosasauri waliowanyang'anya chakula. Mimi sioni jambo hili kuwa na maana, na tarehe zenyewe zinalikana. Wakati ikitiosauri wa mwisho wanakufa, mosasauri walikuwa bado wadogo, wakikaa kando kando ya pwani. Kenge mdogo wa maji ya kina kifupi atamfukuzaje mwindaji mkubwa wa bahari ya wazi? Ni kama kusema mvua ya jioni ndiyo iliyoloanisha nguo za asubuhi.

Mwaka 2016 Bwana Valentin Fischer wa chuo kikuu cha Liège, pamoja na wenzake, alitoa maelezo mengine. Walihesabu aina za ikitiosauri na kupima meno na mafuvu yao, wakaona kwamba kifo chao kilikuja kwa mara mbili. Kwanza walitoweka wale waliokula vitu laini na wale waliokula kila kitu, wakabaki wawindaji wakubwa tu. Tena kwa muda mrefu jamaa hii ilikuwa imeacha kugeuka upesi: watoto walifanana na mababu kwa mamilioni ya miaka. Na wakati huo huo dunia ilikuwa inageuka: joto lilizidi, bahari ilipanda juu ya nchi, na pahali pengi maji ya chini yalikosa hewa. Jamaa yenye nyumba nyingi, moja ikiungua, nyingine inabaki. Hao walikuwa wamebaki na nyumba moja.

Sasa bahari ilikuwa na nafasi tupu. Nani ataingia?

Huko Texas, katika Marekani, wamepata mifupa ya mjusi mdogo wa miaka milioni 92 hivi iliyopita, urefu wake meta moja tu, na wakamwita dalasauri kwa jina la mji wa Dallas. Miguu yake ilikuwa bado miguu. Aliweza kuogelea na kupanda ufukoni, kama kenge wa mto wetu anavyofanya. Lakini jamaa zake hawakukaa hapo. Baada ya miaka milioni chache tu miguu yao ilikuwa makasia, na mkia umekuwa chombo cha kusukuma. Mosasauri mmoja aliyepatikana Jordan, na kuelezwa mwaka 2013, ameacha katika jiwe alama ya nyama ya mkia wake: ulikuwa na pezi la kusimama, karibu kama la papa, yule samaki mkali wa baharini. Nafasi ya bahari ya wazi inamtaka mnyama awe na umbo fulani. Ikitiosauri walilipata, papa wanalo, pomboo wanalo leo, na mosasauri nao walikuwa njiani kulipata.

Hawakufuata wote njia moja. Hapa ndipo panaponipendeza kupita pote, kwa maana meno yanasema kama kitabu. Globidensi alikuwa na meno ya mviringo kama gololi kubwa, nayo ni ya kuponda makombe na kaa. Plioplatekapi alikuwa na meno membamba, ya kushika samaki na ngisi. Tilosauri, mwenye pua ndefu ya mfupa mgumu, alikula chochote kilichopita. Huko South Dakota amepatikana mmoja ambaye tumboni mwake mlikuwa na samaki, na ndege mkubwa wa majini asiyeruka, na hata mosasauri mwingine mdogo. Na katika Hungaria iko aina iliyokaa katika maji matamu ya mto, karibu kama mamba.

Walitengana hata kwa kina cha maji. Mpiga mbizi akipanda juu upesi mno toka chini sana, hewa inatoka katika damu yake kama povu, na mifupa yake inaweza kufa sehemu sehemu. Madaktari wanajua ugonjwa huo. Mwaka 1987 waganga wa mifupa ya kale walitangaza kwamba wameuona katika pingili za mosasauri. Lakini si wote! Platekapi alikuwa nao sana. Klidasti, aliyekaa bahari ile ile ya Marekani, hakuwa nao. Basi wa kwanza alikuwa mzamiaji, na wa pili aliwinda karibu na juu.

Jambo hilo limeonekana vilevile upande wetu wa Afrika. Mwaka 1964 Bwana Antunes, Mreno, alieleza mosasauri wa Angola akamwita Angolasaurus. Mwaka 1994 mwanachuoni Lingham-Soliar alieleza kwa mara ya kwanza mabaki ya mosasauri kutoka nchi yetu ya Kongo, iliyoitwa Zaïre wakati ule. Tangu mwaka 2005 kundi la Waangola, Wareno, Waholanzi na Waamerika wamechimba sana huko Bentiaba, pwani ya kusini ya Angola, katika mchanga uliogeuka mawe miaka milioni 71 na nusu iliyopita. Pahali padogo, mifupa mingi ajabu. Siku zile bahari kati ya Afrika na Amerika ya Kusini ilikuwa bado nyembamba, na maji ya baridi yenye chakula kingi yalipanda karibu na pwani kama yanavyofanya leo. Walipima kaboni iliyomo katika meno, maana chakula cha pwani na chakula cha mbali vinaacha alama mbalimbali. Wakaona kwamba globidensi mponda makombe alikaa karibu na pwani, na wale wakubwa walikwenda kuwinda mbali. Waliishi pamoja bila kugombana. Au tuseme bila kugombana sana: mmoja wa aina ya prognathodoni amekutwa na mosasauri watatu ndani ya tumbo lake, na mmoja wao alikuwa wa aina yake mwenyewe.

Huko Ubelgiji pia, katika mashimo ya Ciply karibu na Mons, mosasauri wengi walitolewa. Aliyewaeleza ni Bwana Louis Dollo wa makumbusho ya Bruxelles, aliyezaliwa Lille mwaka 1857 na kufa mwaka 1931, yule yule aliyesimamisha mifupa mashuhuri ya Bernissart iliyotoka meta 322 chini ya ardhi. Mwaka 1885 alimpa mmoja wa Ciply jina la Hainosaurus bernardi. Bwana Dollo hakupenda kuhesabu mifupa tu. Alitaka kujua mnyama alikula nini, alikaa wapi, aliogelea namna gani. Naye ndiye aliyefundisha sheria moja inayoitwa kwa jina lake: jamaa ya wanyama ikiacha kitu katika safari yake, hairudi tena kuwa sawasawa kama mwanzo. Mosasauri alirudi baharini, pahali pa mababu wa mababu zake, lakini mashavu ya samaki ya kupumulia majini hakuyapata tena. Ilimpasa kila mara kupanda juu avute hewa. Na miguu iliyokwisha kuwa makasia haikumchukua tena nchi kavu. Aliingia katika nafasi nzuri mno, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Miaka milioni 66 iliyopita bahari ilikuwa imejaa mosasauri. Katika mawe ya Morocco wako wa namna nyingi, wakubwa kwa wadogo, na hakuna dalili ya uchovu kama ile ya ikitiosauri. Ndipo jiwe kubwa lilipotoka angani, upana wake kilometa 10 hivi, likaanguka pahali panapoitwa leo Chicxulub, katika Mexico. Bwana Luis Alvarez na mwanawe Walter walitangaza habari hiyo mwaka 1980, baada ya kuona katika udongo wa wakati ule, huko Gubbio katika Italia na kwingineko, madini ya iridiumu ambayo ni haba sana duniani lakini si haba katika mawe ya angani. Shimo lenyewe, lenye upana wa kilometa 180 hivi, lilitambuliwa mwaka 1991.

Wengine wanafikiri mosasauri walipigwa na mawimbi au moto. Walio karibu, ndiyo. Lakini wa Maastricht na wa Angola walikuwa mbali. Hao waliuawa na njaa. Vumbi na moshi vilifunika jua. Chakula chote cha bahari ya wazi kinaanzia kwenye vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwa nuru. Bila nuru vikafa. Wadudu wa maji waliovila wakafa. Samaki wadogo wakafuata, na amoniti wenye kombe la kuviringika, na ngisi wengi. Mwisho wa mnyororo huo alikuwa mosasauri, mwenye mwili mkubwa, mwenye kutaka nyama nyingi, asiyeweza kupanda ufukoni kutafuta kitu kingine. Plesiosauri wakafa pamoja naye. Mponda makombe na mla ngisi, mzamiaji na mwindaji wa juu: nafasi zao zilikuwa mbalimbali, lakini zote zilisimama juu ya vijimea vile vile.

Katika mto na kinamasi mambo ni mengine. Huko viumbe vingi vinaishi kwa majani yaliyooza na takataka zinazoletwa na mvua, na chakula hicho hakikwishi mara moja giza likiingia. Mamba anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa hiyo mamba wakapona, na kasa wengi wakapona.

Kati ya mamba hao ilikuwako jamaa moja yenye pua nyembamba ndefu, iliyokaa katika bahari za pwani: dirosauri. Nao wakapita salama. Wenye elimu wengine wanafikiri ni kwa sababu watoto wao walilelewa katika maji ya mito, mbali na njaa ya bahari. Baada ya msiba huo waliongezeka sana, wakaenea pwani za Afrika na Amerika, katika maji yale yale ambamo mosasauri walikuwa mabwana. Nyangumi walikuwa hawajatokea bado. Mababu zao walikuja kushuka majini miaka milioni 50 hivi iliyopita, katika nchi za Pakistan na India.

Mmoja wa dirosauri hao alichimbuliwa Landana, katika Cabinda, kaskazini kidogo ya mdomo wa mto Kongo, miongoni mwa mifupa iliyokusanywa na Bwana Joseph Bequaert mwaka 1913. Mifupa ilipelekwa Ubelgiji, mezani pa Bwana Dollo, aliyekuwa ametumia miaka mingi kueleza mosasauri wa Ciply. Mwaka 1914 akampa jina: Congosaurus bequaerti, mjusi wa Kongo.